Teresina Analipia Mbili

Mara ya kwanza kumwona Teresina alikuwa ameshika flashi ya mtu kwa ncha za vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na mwili, kama aliyeokota panya aliyekufa. Mwenye flashi alikuwa kijana aliyetaka kuoa. Alisimama mbele yake uani akibembeleza. Nyimbo zake zote za harusi zilikuwa humo, alisema, amezikusanya kwa miaka, nyingine kwa marafiki, nyingine kwenye vibanda vya soko la Konyokonyo.

“Hii iko takataka,” Teresina akamwambia. “Wimbo imetoka kwa simu, imeingia kwa simu, imetoka tena. Watu wote wametafuna, wametema. Sasa wewe nataka mimi naweka kwa spika yangu? Bibi yako atacheza na matapishi?”

Akamrudishia, kisha akapangusa vidole kwenye sketi. Mimi nilikuwa mlangoni na sanduku langu, mgeni kutoka Kenya niliyekuja kuangalia chumba cha kupanga. Nilimpenda papo hapo. Mtu anayejua kuona kinyaa ni mtu ninayeweza kuishi naye ua mmoja.

Maana kinyaa ndiyo kazi yangu. Naitwa Kerubo, nyumbani ni Kisii, na hapa Juba nasimamia chumba cha kufulia katika hoteli moja. Kutwa napokea mashuka ya watu ambao hawajawahi kufikiri kwamba uchafu wao una mtu anayeupokea. Wanakula kitandani. Wanafutia viatu taulo nyeupe. Mengine sitayataja, huenda unakula. Nikitoka kazini sitaki tena kuona kitu kichafu wala mtu mchafu, na katika mtaa wote wa Atlabara sikupata ua uliofagiwa kama wa Teresina.

Alizaliwa Rejaf, akavushwa mpaka wa nchi mgongoni kwa mama yake wakati wa vita, akakulia kambini upande wa Adjumani, Uganda. Mama yake, Mama Penina, ndiye aliyekuwa mwalimu wa kwaya huko kambini. Kinanda hawakuwa nacho. Walikuwa na ngoma, na hema la plastiki, na sikio la huyo mama, ambaye angeweza kuwasimamisha waimbaji wote akamnyooshea mtu mmoja kidole kwamba yeye haimbi, anaiba sauti ya jirani. Teresina aliniambia kwamba akivunja sahani alikemewa, lakini akitoa sauti nje ya wimbo alichapwa.

Vita vilipotulia akarudi Juba na binti yake Lilly na viti vichache vya plastiki. Mji huu huoa na kuzika kila wiki, na kote kuwili watu lazima wakae. Akakodisha viti, kutoka viti akanunua hema, kutoka hema jenereta, na mwisho spika, ambazo anazifunika kwa shuka hata mchana. Leo Lilly anasoma Kampala, na Mama Lilly, kama wateja wanavyomwita, huitwa kazini Atlabara, Buluk, mpaka ng'ambo ya mto. Wengine wanaokodisha spika wapo wengi tu. Lakini wao hupiga chochote unachowapa. Yeye hapigi takataka.

Ndiyo maana alikuwa akilipia huduma mbili za muziki wa mtandaoni, zote kwa kiwango cha juu kabisa cha sauti, kile ambacho watu wenye akili zao huruka wakachagua cha chini. Ya kwanza aliiita Kampala, kwa sababu aliifungua kwa laini yake ya Uganda. Humo alipata kwaya za kanisa na rumba za zamani. Ya pili aliiita Nairobi. Hiyo nilimfungulia mimi kwa laini yangu ya Kenya, kwani tulipofika pale pa kuchagua nchi tulisogeza orodha juu na chini, tukaona Afrika Kusini, tukaona Korea Kusini, halafu orodha ikairuka nchi yake.

“Kusini ya watu wote iko,” Teresina alisema. “Kusini yangu wameruka.” Akafyonya, akachagua Kenya.

Mimi nilimwona mwendawazimu, na nilimwambia. Wimbo ule ule aliupiga Kampala, kisha akaupiga Nairobi, macho ameyafumba, akinilazimisha nisikie tofauti. Huku besi inavimba, huku gitaa linachomoza. Mimi nilisikia wimbo. Na intaneti ya nyumbani ilikuwa ya kulialia, nyimbo nzito namna ile hazishuki. Basi ikawa kazi yangu kubeba tableti yake kwenda nayo hotelini, kuificha nyuma ya rundo la mashuka na kupakua nyimbo za Jumamosi wakati mashine zinazunguka. Akishaipata huizimia mtandao kabisa, aiweke kwenye hali ya ndege, ili katikati ya harusi isije ikalia na ujumbe wa mtu.

Wakati huo nilikuwa bado mgeni. Kiarabu cha Juba nilikisikia kwa mbali tu, maana hotelini tulikuwa Wakenya na Waganda watupu. Nilijua *mafi mushkila*, nikadhani ni neno moja refu la kumwambia mtu asijali.

Mvua zilipokuwa zikiisha, Mama Penina akafariki huko Rejaf. Sikuwahi kumwona. Teresina hakulia mbele yangu. Alifua mapazia, akafua na yaliyokuwa safi. Kisha akaanza kupanga karama, yaani sala na chakula cha kuwaaga wafiwa, ambayo ingekuwa pale pale uani kwake. Alikuwa na ombi moja tu katika mambo yote hayo. Alitaka mama yake asikike akiimba, kwenye spika zake mwenyewe. Maisha yake yote amewapigia wengine. Siku hiyo angempigia mama.

Kulikuwa na wimbo mmoja tu uliorekodiwa, zamani, kambini, kwa kaseti. Aliyeirekodi alikuwa mpiga ngoma wa kwaya, kijana wakati huo, ambaye sasa Juba nzima inamwita Ustaz Johnson. Nimtaje huyu mtu haraka nimalize. Hujipaka manukato mpaka ulimi wako unayaonja. Akikusalimia anaushika mkono wako na hauachii, na wake ni majimaji. Amejenga studio, ana kikundi cha kuimba, na kila sentensi yake ina neno “mimi”. Miaka ya nyuma, akiwa Kampala, alikuwa ameutoa ule wimbo kwenye kaseti akauweka kwenye mtandao kwa jina la kwaya, na Teresina alikuwa akiusikiliza kwenye akaunti ya Kampala. Lakini mama alipofariki, akiufungua kwenye simu, jina la wimbo likawa limegeuka rangi ya majivu. Ukibonyeza, hakuna kitu. Akampigia Johnson. Johnson akasema asiwe na wasiwasi, ataitafuta kaseti yenyewe.

Siku alipokuja kuleta majibu, Teresina alikuwa Buluk akisimamisha hema la watu. Mimi nilikuwa zamu ya mapumziko, nimekaa uani naparua samaki, beseni katikati ya miguu. Harufu yake iliingia kabla yake.

“Mwambie Mama Lilly asijisumbue,” alisema, akitafuta mkono wangu wa kushika. Nilimwonyesha magamba. “Ile wimbo ya zamani ya mama yake, mafi.”

“Nini?”

“Mafi! Kaseti mafi. Kwa mtandao mafi. Ni mafi kabisa.” Akatabasamu. “Tutapiga yangu. Mimi nimeimba upya na kikundi yangu. Yangu iko safi.”

Nimelelewa na watu ambao herufi v na f kwao ni ndugu. Nilisikia nilichosikia. Mwanamume mzima, amenukia, ameingia kwenye ua wa mfiwa, anasimama mbele yangu na kuuita wimbo wa marehemu mavi, mara moja, mara mbili, kisha anatabasamu. Niliinuka na beseni.

“Mavi ni wewe!” nikamwambia, na maji yote ya samaki yakaenda kwenye viatu vyake.

Alivitazama. Vilikuwa vya ngozi ya rangi ya asali, vimechongoka, na sasa vilikuwa na magamba na kipande cha utumbo. Alisema maneno mengi ambayo namshukuru Mungu sikuyaelewa, akaondoka akichechemea kama aliyeungua.

Teresina aliporudi nilimsimulia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho uso umemganda. Halafu akakaa juu ya rundo la viti, akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka jirani akachungulia. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka.

“Ya Kerubo! Mafi iko ‘hakuna’! Sukari fi, sukari iko. Sukari mafi, sukari hakuna. Yeye nasema wimbo hakuna!”

“Hakuna tu?”

“Hakuna tu. Na wewe umemwogesha.”

Niliona aibu, lakini si sana. Mtu anayeshika mkono namna ile alihitaji maji. Ila nilijiona mjinga kwa jambo moja, nikalisema: nimemwagia mtu utumbo wa samaki kwa ajili ya wimbo ambao sijawahi hata kuusikia. “Angalau niusikie,” nikamwambia.

“Utasikia wapi? Umekuwa majivu.” Akanionyesha simu. Kweli, majivu. “Kwa simu mafi. Kalas, basi.”

“Na kwenye tableti?”

Akanitazama. Tableti tulikuwa tumeijaza hotelini kabla ya msiba, nyimbo za harusi pamoja na zake mwenyewe, na tangu hapo haikuonja mtandao. Ina akaunti ile ile ya Kampala, lakini haijui yaliyotokea duniani. Aliifuata ndani mbio, akaiwasha, akasogeza kidole polepole. Jina la wimbo lilikuwa pale, jeupe, zima.

Tulikaa sakafuni chumbani kwake, kila mmoja na sikio moja la waya. Kwanza nilisikia mvua ikipiga plastiki, kubwa, mpaka nikatazama nje. Kisha ngoma. Kisha sauti ya mwanamke, nzito kidogo, imekwaruza mwanzoni, halafu ikajisafisha yenyewe kwa kupanda, na watu wakaipokea. Mimi si mtu wa sikio. Lakini nilielewa kwa nini waimbaji walimwogopa. Wimbo ulipokwisha, kabla mashine haijazimwa, kuku alilia kwa hofu hapo karibu, na ile sauti iliyokuwa ikimsifu Mungu ikapiga kelele ya ukali mtupu:

“Teresina! Seibu jidada de!”

Watu wakacheka, kaseti ikakatika.

“Amesema nini?”

“Wacha hiyo kuku.” Teresina alikuwa ameangalia ukuta. “Ilikuwa kuku ya kwaya, ya kula. Mimi nilishika mguu yake, nataka acheze. Nilikuwa kidogo.” Akaurudisha wimbo pale mwishoni. Akaurudisha tena.

Halafu kwa ajili ya kulinganisha, kwa sababu Teresina ni Teresina, akafungua Nairobi kwenye simu, ambako ule wa Johnson ulikuwa umeshawekwa. Ngoma ya kompyuta, tap, tap, tap, kama bomba linalovuja. Msichana anaimbia puani. Mvua hakuna, kuku hakuna, Mama Penina hakuna. Chini yake imeandikwa mtunzi ni Johnson. Hapo ndipo tulielewa kwa nini ule wa zamani ulikuwa umetolewa kwenye mtandao. Yeye ndiye aliyeuweka, yeye ndiye aliyeweza kuuondoa, na asingetaka watu wasikie ulikotoka.

“Iko safi,” Teresina alisema, kwa sauti ya mtu aliyekuta nywele kwenye mchuzi.

Nami kazini nimeona watu wa namna hiyo. Unampa shuka lenye doa, anasugua na kemikali kali, anakuletea tundu na kukuambia doa limetoka.

Tulimpigia Lilly, ambaye anavijua vitu hivi. Alituuliza swali moja tu, kama tableti imewahi kuunganishwa tangu siku ya kupakua. Kisha akasema kwa ukali wa bibi yake: “Mama, usiguse intaneti. Ikionja mtandao tu, itajua wimbo umeondolewa, itaufuta.” Teresina akavuta pumzi. “Lakini pia,” Lilly akaendelea, “ikikaa sana bila mtandao itadai iunganishwe ithibitishe kwamba unalipa. Usipounganisha, inafunga nyimbo zote.”

“Karama iko Jumamosi. Itafunga lini?”

“Sijui, Mama. Inakaribia.”

Huyu mwanamke amelipa kila mwezi bila kukosa, kiwango cha juu, huduma mbili, na hakuna wimbo hata mmoja ulio wake. Wamemuuzia maji wakabaki na mtungi. Na bado, kila ukifungua, wanakukaribisha kwa jina lako, na wanakuita mpendwa msikilizaji.

Nilimshauri turekodi kwa simu yangu, tableti ikiwa inacheza. Tulijaribu. Alisikiliza kidogo, akaitoa sikioni haraka.

“Mama amefungwa kwa jerikani,” alisema. “Futa.”

“Ni afadhali kuliko kukosa.”

“Futa, Kerubo. Mama yangu si tangazo ya WhatsApp.”

Nikafuta. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake. Sikio lile alirithishwa kwa fimbo, na lisingeshusha kiwango hata kwa dharura. Tableti ikafungwa kwa kitambaa, ikalala kabatini kati ya mashuka yaliyopigwa pasi, na mimi kila nikipita niliogopa hata kupumua karibu nayo.

Jumamosi ua ulijaa mpaka barabarani. Walikuja watu wa Rejaf, wazee wa kike waliojifunga khanga kiunoni kwa kupika, wakaja wa kwaya ya zamani waliobaki, wakaja wateja waliowahi kukalia viti vyake. Pasta akaomba. Watu wakala asida, ule ugali wa huku, na mchuzi wa bamia, na samaki niliyempika mimi. Johnson alikuja na viatu vipya na kikundi chake, wote sare, na akapita mbali na beseni langu. Alishika kipaza sauti kabla hajapewa.

Alisema alivyompenda marehemu. Alisema alivyojitolea mimi, mimi, mimi, kuutengeneza wimbo wake ufae dunia ya leo. Akachomeka simu yake, ngoma ya kompyuta ikaanza kuvuja kwenye spika za Teresina, tap, tap, na yule msichana akaimba na pua yake. Vijana walitikisa vichwa kidogo. Bibi mmoja wa Rejaf, aliyekuwa karibu na sufuria zangu, aliuliza kwa sauti, “Huyu mtoto anayelia ni nani?” Watu wakapiga makofi ya heshima, yale ya kumaliza jambo.

Teresina akainuka. Hakutoa hotuba. Alichomoa waya kutoka kwenye simu ya Johnson, akaufuta kwa upindo wa nguo, akauchomeka kwenye tableti. Nilikuwa karibu, niliona kioo. Iliwaka. Programu ikafunguka polepole, kiduara kikazunguka, kikazunguka, na mimi nikashika upande wa meza. Kisha jina la wimbo likaja, jeupe.

Mvua ikapiga juu ya vichwa vya watu kwenye jua kali la mchana. Wengine walitazama hema. Ngoma ikaingia, na waliokuwa kwaya waliijua kabla hata sauti haijatoka. Niliona mikono yao ikipanda midomoni. Mama Penina akakwaruza, akapanda. Walioosha vyombo waliviacha majini, na pale kwaya ya kaseti ilipompokea, ile iliyokuwa imekaa kwenye viti vya plastiki ikampokea pia, wazee sasa, sauti zimepasuka, lakini hakuna aliyeiba ya jirani. Simu zilikuwa zimeinuliwa kila mahali zikirekodi. Johnson naye alikuwa ameinua yake.

Wimbo ukaisha. Kuku akalia.

“Teresina! Seibu jidada de!”

Vicheko vilivyolipuka vilikuwa na machozi ndani. Watu waligeuka kumtafuta Teresina kwa macho, mwanamke mwenye nywele za mvi pembeni, amesimama kwenye mashine zake, na bibi yule wa karibu nami akapiga kelele, “Mwachie kuku, wee mtoto!” Teresina aliachia, akainua mikono yote miwili juu, kama kweli alikuwa amemshika. Alikuwa akilia waziwazi, na mimi pia, na sikujali samaki anaungua.

“Rudia!” watu wakasema. “Rudia!”

Akabonyeza. Kioo kikaleta maandishi: unganisha intaneti ili kuendelea kusikiliza. Akabonyeza tena. Maandishi yale yale. Nilimwona akifikiri, si kwa muda mrefu, kwa sababu njia zote zilikuwa zimefungwa. Aliiondoa kwenye hali ya ndege. Tukaisubiri mbele ya watu wote. Jina la wimbo likageuka majivu.

“Mafi,” akasema. Kipaza sauti kilikuwa wazi, na neno lilitoka kwenye spika zote, safi kabisa. Mara hiyo nililielewa.

Hadithi ingekuwa na adabu, ingeishia hapo. Lakini majuma machache baadaye Teresina aliniita chumbani, akanipa simu. Kwenye Kampala ulikuwapo, na kwenye Nairobi pia: wimbo wa kambini, rekodi ya asili, ubora wa juu. Picha iliyowekwa ni ya Johnson, amekunja mikono, na vile viatu vipya. Mtunzi, Johnson. Kaseti aliyosema mafi ilikuwa sandukuni mwake muda wote, na alipoona watu wanalia na kucheka, akajua thamani yake.

“Sikiliza,” Teresina akasema. Nikasikiliza. Sauti ya Mama Penina ilikuwa wazi kuliko hata ile ya tableti. “Ameosha mvua. Ngoma amepandisha, kwa sababu iko yake. Kuku hajatoa, amebakisha, kwa sababu watu walicheka.”

Sikuwahi kuchukizwa na binadamu kiasi kile. Nilitaka kumtafuta mara hiyo hiyo, na safari hii nisibebe maji ya samaki, nibebe ya hotelini, yale ya loweko la kwanza. Nilimwambia Teresina afunge akaunti zote mbili. Nilimwambia kwamba karibu kila mtu aliyekuja karama ana wimbo kwenye simu yake, wa bure, na hakuna anayeweza kuuondoa.

“Nimesikia hizo,” alisema. “Jenereta, watoto, mtu anatafuna. Mama iko mbali sana.”

“Kwa hiyo utamlipa. Kila ukiusikiliza, unamlipa mwizi akukopeshe mama yako.”

“Najua.”

“Inatia kinyaa, Mama Lilly.”

“Najua, Kerubo! Mimi nasikia kinyaa kila asubuhi. Nasikia kinyaa, halafu naweka.” Alikuwa ameketi kitandani, simu magotini, hata kilemba hajafunga. “Hapo ndani ananiita. Mahali ingine hakuna mtu ananiita hivyo.”

Nilikuwa na hasira tu, nikaielekeza kwenye kitu kilichokuwa karibu. “Basi lipia moja! Wimbo ni ule ule, mwizi ni yule yule. Zote mbili za nini?”

Alinitazama kama anavyowatazama watu wenye flashi.

“Hii moja ikisema mafi,” akasema, “ingine itasema fi.”

Akabonyeza. Ngoma ya Johnson ikaanza, kubwa kuliko inavyostahili, bila mvua. Niliokota beseni langu nikatoka nje, kabla wimbo haujafika kwenye kuku.